Dereva Aliyejifunza Kutembea

Muhindo alikuwa dereva wa lori kutoka Butembo, kijana mnene, mcheshi, aliyekunywa soda kutwa nzima. Vita vilipofunga barabara, alikwama katika kijiji cha Ntoto. Alipokwenda kupimwa malaria, muuguzi Joséphine-Marie alilitazama tumbo lake, akampima na sukari pia.

"Sukari yako imepanda, kaka. Haiyakuwa bado ugonjwa, lakini iko mu njia. Acha masoda, tembea."

"Nitembee na miguu, na niko na kamyo?"

"Ile kamyo njo inakuharibu!"

Muhindo alicheka, lakini hofu ilimshika, kwani hata miaka thelathini hakuwa amefikisha. Akaanza kufuatana na mwenyeji wake, Papa Symphorien, hadi shambani, akipanda vilima kwa kuhema huku wanawake wakimtania. Akala sombe, yale majani ya muhogo, na maharage, akanywa maji. Suruali ikawa inamvuka, akaifunga kwa kamba.

Barabara ilipokaribia kufunguliwa, Joséphine-Marie alimpima tena, kisha akapiga vigelegele: sukari ilikuwa imeshuka! Jumapili hiyo, wakati wa matoleo, Muhindo alicheza kutoka mlangoni hadi altareni bila kuhema, na kanisa zima likampigia makofi.