Nilivyosubiri Zamu Yangu

Masika ya mwaka 2023, nikiwa na miaka sitini na miwili, niligombania na wifi Kabula, dada wa marehemu mume wangu, bao la isolo, mchezo wa jadi wa kete na mashimo, aliloliacha mume wangu. Kila Jumapili tulilicheza mimi na mume wangu kibarazani kwetu, mtaa wa Pasiansi, naye alisubiri zamu yangu hata chai ikapoa. Wifi alilitaka kwa kuwa lilichongwa na baba yao.

Tulikubaliana lichukuliwe na mshindi wa mchezo mgeni kwetu sote. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na tisa, nikajipa kazi ya kuuchagua. Nilichagua mchezo wa vita wa kompyuta wenye ng'ombe na mashamba, kwani ulinikumbusha boma la wakwe zangu kule Bujora. Maelezo yake sikuyasoma.

Tarehe 14 Mei, mbele ya kikao cha ukoo, kila mmoja na kompyuta yake, nilijenga nyumba moja, nikakunja mikono na kumsubiri wifi. Alibofya, akabofya tena.

"Mvumilieni," nikawaambia wazee, "hajazoea kompyuta."

Askari wake walipolichoma boma langu na moshi kufunika skrini, nikauliza kwa heshima, "Wifi, zamu yangu bado?"

"Zamu gani tena? Nilidhani umesinzia! Huu tunacheza wote kwa pamoja."

"Nani kakuambia?"

"Binti yako. Mimi sijui kusoma, wifi, ndiyo maana niliuliza."

Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi. Kisha katibu akaandika kwamba bao ni la Kabula, nami nikatia saini.