Siku Bibi Aliponiita kwa Jina Langu

Mwanangu, siku ninayotaka kukusimulia ilikuwa ya kiangazi, miaka ya tisini, na kila ikinijia uso unapata moto kama vile watu wale bado wananitazama.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, naishi na bibi yangu mzaa baba pale Ilembo, Mpanda. Wazazi wangu walikuwa wamehamia shambani mbali kulima mahindi, na baba zangu wadogo walipanda treni kwenda Tabora kutafuta kazi, wakakaa huko huko. Nyumbani tulibaki wawili. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, akiona mwanga na vivuli tu. Nilimchotea maji, nilimsongea ugali, nilimshika mkono kumpeleka choo cha nyuma ya nyumba.

Kwetu Wakonongo, bibi na mjukuu wa kiume ni watani, na kwake mimi nilikuwa mume. "Mume wangu, nipeleke uani, au unangoja nikuaibishe?" "Mwanaume gani huyu, ugali wake umejaa mabuje, madonge matupu?" Tukiwa ndani nilimjibu, tukacheka. Lakini nilikuwa kijana wa haya, wa kutazama chini nikisalimiwa, na mbele za watu nilitamani anyamaze.

Siku hiyo tulikwenda mashine ya kusaga. Bibi hakukubali kubaki nyumbani. Lazima aupapase unga kwa vidole vyake ndipo aamini umesagika. Vijana wa rika langu na wasichana walikuwa wamekaa juu ya magunia wakingoja zamu. Unga wetu ulipotoka, Bibi akaupapasa, akapaza sauti ili ashinde kelele ya injini:

"Mume wangu, hizi ni chenga! Basi jioni utanitafunia wewe mwenye meno!"

Watu wakacheka. Kijana mmoja, Mashaka, akadakia, "Shemeji, mfunike mkeo kanga, jua kali hili!" Wasichana wakashika matumbo.

Kilikuwa kicheko kizuri tu, mwanangu. Hakuna aliyetucheka kwa ubaya. Lakini mimi nilisikia masikio yanawaka, nikasema kwa nguvu, "Bibi, mimi si mume wako. Usiniite hivyo mbele za watu. Unanitia aibu."

Kicheko kikakatika. Bibi akageuza uso kunitafuta nilipo, akakosea upande.

"Haya, Kasiano," akaliambia gunia la mtu. "Samahani, baba."

Hilo ndilo jina langu la ubatizo. Bibi hakuwahi kuniita kwalo.

Toka hapo nikawa Kasiano. Nikimpa maji, "Asante, Kasiano." Nikimpa chakula, "Mungu akubariki, Kasiano." Kama mgeni aliyelala kwa watu. Na hakuniomba tena kitu chochote. Nikadhani amenielewa. Hata nilifurahi, mwanangu, na furaha ile ndiyo inayonichoma kuliko maneno yenyewe.

Kisha siku moja asubuhi nikarudi kisimani, nikamkuta jirani yetu Mzee Masanja uani kwetu. Alikuwa Msukuma, aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Alikuwa anafunga kamba ya katani kwenye nguzo ya mlango wetu, anaivuta hadi chooni.

"Shikamoo, mzee. Unatufungia ndama?"

"Marahaba. Sifungi ndama. Namfungia bibi yako njia." Hakunitazama, akaendelea kukaza fundo. "Ameniomba yeye. Amesema nyumba hii haina mtu wa kumshika mkono."

"Mimi nipo, mzee."

"Upo?" Sasa akanitazama. "Ng'wanawane," akasema kwa Kisukuma chake, yaani mwanangu. "Unafikiri mtu mzima anapenda kumwambia mtoto aliyemlea, nipeleke chooni? Akikuita mume anakuamrisha huku mnacheka, haombi. Hata sisi kwetu ni hivyo hivyo. Wewe umemfungia huo mlango. Ulitaka aombeje? Apige magoti?"

Nilisimama na ndoo kichwani, maji yananimwagikia shingoni.

Siku ile ile nilitaka kumshika mkono Bibi alipotoka. "Acha tu, Kasiano," akasema kwa upole. "Kamba ipo." Akapita kando yangu akiishika, taratibu, kama mtoto anayejifunza kutembea.

Niliona kwamba, kwa kuwa nilimkataa mbele za watu, faraghani hatanipokea; sharti nimrudie mbele za watu vile vile. Jumapili, watu walipotoka kanisani, walikuwa wengi uwanjani, Mashaka naye yumo. Nikasema kwa sauti, "Mke wangu, ngoja nikushike! Ukianguka watasema nimekupiga!"

Bibi akasimama. "Nani huyo? Mimi ni mjane. Mume wangu alinikataa mashineni."

"Kweli, shemeji, tulikuwepo!" Mashaka akapiga kelele. Watu wakacheka.

"Nimekuja tuyamalize," nikasema.

"Una mahari?"

"Sina, Bibi."

"Basi utalipa kwa kutembea polepole."

Akanipa mkono. Tulitembea polepole kweli.

Tulipofika nyumbani nikaanza kufungua ile kamba. "Iache," akasema, na hapo hakuwa na mzaha. "Iache tu, mume wangu." Miaka yote aliyobaki nayo nilimpeleka mimi, mkono wake mmoja mkononi mwangu, na mwingine ukigusa kamba. Alinisamehe, lakini hakuniegemea tena kwa uzito wake wote. Nilimzika nikiwa bado na deni hilo.

Sasa nyie mnakwenda mbali kuliko baba zangu wadogo walivyokwenda, na nyumba nyingi zimebaki na wazee peke yao. Sikulaumu kwa kwenda. Kazi iko iliko. Lakini mzee akikutania, mjibu, hata kwenye simu, hata marafiki zako wakisikia. Ndani ya ule utani kuna kitu anahitaji na hawezi kukitaja. Usingoje akitaje. Akianza kukushukuru sana kwa vitu vidogo, usifurahi. Shtuka, ujiulize umemkosea wapi, na urudi haraka. Na kama ulimwaibisha mbele za watu, usimwombe radhi chumbani.

Mungu akupe miaka mingi, mwanangu. Akikufikisha uzeeni, akujalie mtoto wa kukushika mkono kabla hujaunyoosha, na kinywa cha kumtania mpaka barabara nzima isikie.