Sekunde Tisini za Gene Dombrowski

Kila kiangazi, mtangazaji wa uwanja wa besiboli pale Toledo alipowaomba waliowahi kuwa askari wasimame wapigiwe makofi, Gene Dombrowski alikuwa chooni au kwenye foleni ya soseji. Msambaza barua huyu wa miaka hamsini na mitano alijua vizuri dakika ya kuchomoka. Watu walisema ni mnyenyekevu. Mnyenyekevu wapi! Alikuwa akiona haya.

Safari hii hakuponyoka. Binti yake, Paige, alikuta nakala ya barua ya zamani ya baba yake ndani ya kabati, akawaandikia wenye timu kimyakimya. Sasa Gene alikuwa amesimama kwenye nyasi, kofia mkononi, sura yake imejaa skrini kubwa.

"Vitani kule jangwani, mwaka tisini na moja," mtangazaji alinguruma, "alimshika mkono rafiki yake Curtis Bell mpaka pumzi ya mwisho!"

Maneno hayo Gene aliyaandika mwenyewe, akiwa na miaka ishirini na mmoja, ili kumfariji mama yake Curtis. Ukweli ni kwamba alikuwa amejibanza chini ya lori, hatua ishirini tu, akimsikia Curtis akimwita kwa jina. Hakwenda.

"Una sekunde tisini, mzee wangu, halafu wachezaji wanarudi," mama mmoja mfanyakazi wa uwanja alimnong'oneza. "Hebu geuka. Una mgeni."

Nyuma yake, kwenye kiti cha magurudumu, alikuwa Bi Odessa Bell, mama yake Curtis, miaka themanini na minne. Uwanja mzima ulilipuka kwa shangwe.

"Njoo hapa, mwanangu! Mbona umenenepa hivi?" Alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka. Akaukamata mkono wa Gene. "Ndio wenyewe huu? Miaka yote hii nimepata usingizi kwa sababu ya mkono huu."

Gene alipiga magoti. Roho ilimuuma kuliko siku ile ya jangwani. Akajikaza, akamwinamia sikioni.

"Mama, sikumfikia Curtis. Niliogopa."

"Eh? Sema kwa nguvu, baba, makofi haya yananiziba masikio!"

Alikuwa amemtegea sikio, anangoja. Kuyasema mara moja kulimchukua Gene miaka thelathini na minne. Mara ya pili hakuiweza.

"Nimesema umependeza, Mama."

Bi Odessa akaangua kicheko, akamchapa begani.

"Mwongo wewe!"