Wifi Alivyomchujia Mama Supu

Nilitoka zamu ya alfajiri nikakuta mifupa yangu ya kuku imelazwa mlangoni juu ya gazeti, mmoja mmoja, kama ushahidi wa mauaji.

Wifi yangu kasimama juu yake, mikono kiunoni.

"Ndiyo unayomlisha mama yetu hii? Makombo ya watu?"

Jamani, damu ilinipanda mpaka kwenye kope.

Tangu mume wangu atangulie mbele za haki, mwaka wa nne huu, mama yake naishi naye mimi. Hana jino hata la dawa. Na tangu augue, kinachokaa tumboni mwake ni supu ya hiyo mifupa tu.

Wala si makombo! Mgahawani kwetu mimi ndiye ninayechambua kuku wa kuchoma. Nyama inawekwa kwenye mikate, mifupa bosi ananiachia. Hakuna mdomo ulioigusa.

"Kesho mama anahamia kwangu," wifi akasema. "Na leo napika mimi, uone mzazi anavyotunzwa."

Miaka minne hajamkata mama hata kucha!

Nikamwambia, "Basi ioshe. Maji baridi yaifunike, tia siki kidogo, kitunguu, karoti. Moto mdogo, masaa manne. Povu likija, engua. Kisha chuja."

"Wifi, mimi si mtoto wa kufundishwa kuchemsha maji."

Haya.

Nyumba ilinukia mpaka jirani akachungulia. "Leo mna mgeni?"

"Tunaye," nikajibu.

Mchana mama akaanza kuulizia supu yake. Wifi akabeba sufuria hadi kwenye sinki, akatega chungio.

Nikatazama chini ya chungio. Hakuna bakuli.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, tasbihi mkononi. Neno moja lingetosha: "Wifi, bakuli!"

Sikulisema.

Akamwaga. Supu ya masaa manne, rangi ya dhahabu, ikaenda na maji machafu. Yeye anatikisa chungio kama anachuja tambi! Akapanga mifupa kwenye sahani, karoti pembeni, akampelekea mama kwa maringo.

Mama akaitazama sahani. Akamtazama bintiye.

"Ahsante, mwanangu. Na meno je, umeniletea?"

Wifi akanigeukia, macho yamemtoka. "Si ulisema chuja!"

"Nilisema chuja. Sikusema mwaga."

Alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Habari ya kuhamisha mama ikafia hapo hapo.

Nilicheka peke yangu jikoni. Nikasema moyoni, Mungu si Athumani.

Ndipo mama akaniita.

"Mkwe wangu, hiki kitanda kinatazama jikoni. Nilikuona pale mlangoni."

Nikakosa pa kuweka uso.

"Mmegombana nyinyi wawili. Niliyeshinda njaa ni mimi."

Ile mifupa ilishatoa chote ilichokuwa nacho, na mingine ni mpaka kesho yake. Nikakoroga uji mwepesi. Akautapika wote mikononi mwangu.

Wifi bado ananikera, sitawadanganya. Lakini toba ninayoomba kila ninaposali si kwa ajili yake. Ni kwa ajili ya lile neno moja.

Ndugu zangu, mkigombana jikoni, kabla hujanyamaza ili mwenzio aumbuke, tazama kwanza ni nani anayesubiri chakula.