Nilivyoirudisha Beji ya Mfalme

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya mawakili pale Stratford, London, wakili mkuu alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akaniuliza kama nimekuja kwa kazi ya usafi. Nikamjibu, "Hapana bosi, nimekuja kwa kazi kama yako." Alicheka, akanipa meza karibu na mashine ya fotokopi. Ninyi vijana mnaoingia uwakili leo mtasema nilikuwa jeuri. Nilikuwa jeuri kweli, na sijapona.

Kesi zangu zilikuwa rufaa za wahamiaji: serikali imemkatalia mtu kubaki, naye anamwomba jaji autazame upya uamuzi huo. Wateja wengi walikuwa Wakongo wa mashariki. Bosi alinifundisha jambo moja ninalomshukuru mpaka leo: "Usimwombee mteja huruma. Dai haki yake."

Mvi zilipoanza kunitoka, niliitwa na Mwakilishi wa Mfalme wa jiji. Huyu husimama mahali pa Mfalme kwenye shughuli za London, na kila wilaya ina naibu wake. Akaniteua kuwa naibu wa huku kwetu Woolwich. Kazi haina mshahara. Unavaa beji, unapokea wageni wa ikulu, unawakabidhi raia wapya vyeti vyao baada ya kiapo. Wifi yangu akanitania, "Haya, sasa umekuwa mkoloni." Nikamwambia basi aniandalie chai ya heshima.

Uwakili sikuuacha. Ndipo ikaja kesi ya Mama Neema, Mkongo aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Serikali ilitaka kumrudisha kwao, na binti yake, aliyezaliwa hapa, yuko shule ya msingi. Wiki ya kesi, ofisa itifaki wa Mwakilishi akaniita ofisini.

"Mheshimiwa, huwezi kumwakilisha Mfalme huku unapambana na serikali yake."

"Mahakama ni ya nani?"

"Ya Mfalme."

"Na nembo iliyo juu ya kichwa cha jaji?"

"Ya Mfalme pia."

"Basi siku hiyo nitakuwa kazini."

"Ukienda, utaombwa urudishe beji."

Iliniuma, siwadanganyi. Niliipenda ile beji. Dada yangu Dodoma alikuwa ametundika sebuleni picha yangu nikiwa nayo kifuani. Lakini niliifungua pale pale, nikaiweka mezani kwake. Kuombwa nilikataa.

Mahakamani Mama Neema alinishika mkono. "Mama, banasema uliacha kazi ya Mfalme juu yangu. Ni kweli?"

"Nimeacha pini tu, mdogo wangu. Jaji akikuuliza, mtazame usoni."

Tulishinda. Serikali haikukata rufaa.

Sasa nimestaafu. Magoti yamechoka, na wajukuu nikiwasemesha Kiswahili wananijibu Kiingereza. Vijana huniuliza kama najuta. Nijute nini? Miaka ilipita, Mama Neema akapata uraia, akanialika kwenye kiapo chake. Naibu mpya, kijana mstaarabu, alimkabidhi cheti, kisha akaniomba niseme neno. Yule ofisa itifaki alikuwa pembeni, akitikisa kichwa kunikataza. Nilisimama hivyo hivyo.

"Karibuni," nikawaambia wale raia wapya. "Kuanzia leo serikali hii ni yenu. Ikiwakosea, mpelekeni waziri wake mahakamani, mbele ya nembo ya Mfalme huyu huyu mliyemwapia utii."