Alale Tu

Daktari Joviale Namegabe alikuwa na fishi mia nne na kumi na mbili. Kila fishi ilikuwa nusu ya karatasi ya daftari: swali upande mmoja, jibu upande wa pili, yote kwa Kifaransa na kwa wino wa bluu. Alizihifadhi ndani ya kopo la maziwa ya unga. Kila asubuhi, kabla ya kutoka nyumbani kwake mtaa wa Mapendo, alichukua thelathini na kuzitia katika mfuko wa koti lake jeupe. Hivyo ndivyo alivyojitayarisha kwa mtihani wa ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake: akiwa amesimama, kati ya mgonjwa na mgonjwa.

Ana miaka thelathini na saba. Alizaliwa Bukavu, mtoto wa karani wa posta. Kwa miaka mitano amekuwa daktari msaidizi, au asistanti kama wanavyosema wenyewe, katika wodi ya wazazi ya hospitali moja mjini Goma. Mtihani ulipaswa kufanyika mwaka uliotangulia. Uliahirishwa mara mbili, kwa kuwa vita vilikuwa vimeingia mjini na walimu wa jopo hawakuweza kufika. Kila Jumapili baba yake alimpigia simu kutoka Bukavu.

"Asistanti, ungali unaasisti tu?"

"Ningali, papa."

"Mi nitakufa na utakuwa ungali unaasisti."

Mwaka huu tarehe ilikuwa imepatikana. Sharti moja liliwatia hofu watahiniwa wote: mtahiniwa mwenye kesi inayochunguzwa wodini hafanyi mtihani hadi kesi iishe. Husubiri kikao kingine, na hapakuwa na mtu aliyejua kikao kingine kingekuwa lini.

Jumanne moja, wiki nne kabla ya mtihani, Joviale alikuwa katika chumba cha kupokelea wajawazito. Mlangoni alisimama Daktari Guylain, asistanti mwenzake, fishi kumi mkononi, akimwuliza maswali kila mgonjwa mmoja alipotoka na kabla mwingine hajaketi. Ndipo akaingia Wivine, mwenye miaka ishirini na sita, muuza maharagwe wa mtaa wa Majengo, mzaliwa wa Butembo. Hiyo ilikuwa mimba yake ya kwanza baada ya miaka mitatu ya ndoa, na ilikuwa imekaribia miezi tisa. Hakuwa na miadi siku hiyo. Alikuwa ametoka sokoni moja kwa moja, na kadi yake ya kliniki ilikuwa imebaki nyumbani.

"Mama, mutoto anacheza?" Joviale alimwuliza.

"Analala, dokta."

Guylain alicheka pale mlangoni. "Ona, mama mwenyewe anakupatia swali! Fishi mia mbili na kumi na nne. Mutoto analala dakika ngapi?"

Joviale naye alicheka. Jibu alikuwa nalo: mtoto aliye tumboni hulala dakika ishirini hadi arobaini, na mara chache sana hupitisha tisini. Alimlaza Wivine, akaweka kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo juu ya tumbo, akasikiliza. Moyo wa mtoto ulipiga mara mia moja arobaini na nne kwa dakika. Hesabu nzuri.

"Alale tu," alisema. "Naye anachoka. Utarudia juma yenye inakuya."

Wivine hakuinuka upesi. "Basi, alale?"

"Alale tu, mama."

Mwanamke alifunga kitenge chake. Alipofika mlangoni alizitazama karatasi zilizokuwa mikononi mwa Guylain. "Kumbe na nyinyi badokta mungali munasoma?"

"Niko na mutihani," Joviale alimjibu.

"Mungu akusaidie, dokta."

Nje foleni ilikuwa ndefu. Joviale alikuwa na mazoea ya kuyaandika majina katika kitabu cha wagonjwa saa sita, kwa kumbukumbu, ili apate nafasi ya fishi. Siku hiyo saa sita aliitwa kwenye upasuaji. Majina manne yalibaki bila kuandikwa. La Wivine lilikuwa mojawapo.

Alhamisi Wivine alirudi. Moyo wa mtoto haukusikika tena. Asistanti aliyekuwa zamuni, ambaye hakuwapo Jumanne, alitafuta kitabuni, hakuona jina, akamwuliza mama tangu lini mtoto alikuwa hachezi. Tangu Jumatatu, alijibiwa. Wivine alimwambia pia kwamba Jumanne alikuwa amefika. Asistanti aliandika kile ambacho kitabu kilimruhusu kuandika. Karatasi ya kutokea hospitalini ilikuwa na maneno mawili ya Kifaransa, *consultation tardive*, yaani mama alichelewa kuja.

Joviale alipata habari Ijumaa, kwa Mama Charline, mkunga mwenye miaka thelathini ya kazi, naye wa kutoka Butembo. Walikuwa wakikunja mashuka.

"Lakini alisema analala," Joviale alisema. "Nilimuuliza, akasema mutoto analala."

Mama Charline aliweka shuka chini. "Dokta, mwanamuke wa kwetu akisema mutoto analala, hasemi usingizi. Anaogopa kusema ile ingine. Alikuwa anakuambia hachezi."

"Kwetu Bukavu..."

"Kwenu Bukavu mutoto analala, kisha anaamuka. Ulimuuliza tangu lini?"

Hakuwa amemwuliza. Mkunga alilichukua tena shuka na kulikunja hadi mwisho.

Kabla ya kwenda nyumbani Joviale alimweleza Guylain kwamba angeandika barua kwa mkuu wa wodi: mama alifika Jumanne, alisema lililompata, na hakusikilizwa. Guylain alifunga mlango.

"Mutoto atafufuka?"

"Hapana."

"Basi maliza mutihani kwanza. Kisha uandike hata barua kumi. Nani anakukataza? Juma tatu tu."

Kilikuwa kipindi kifupi, na ushauri ulitoka kwa rafiki. Joviale aliuchukua. Barua aliiandika jioni hiyohiyo, nakala safi, akaitia ndani ya kopo la maziwa chini ya fishi. Kwa muda fulani aliona kwamba kuiandika ni karibu sawa na kuipeleka.

Siku tisa kabla ya mtihani mume wa Wivine alifika wodini. Jina lake Lévi, anauza vipuri vya pikipiki upande wa Murara. Alivaa shati la Misa ingawa ilikuwa siku ya kazi, na karatasi ya hospitali ilikuwa imekunjwa mara nne katika mfuko wake wa kifuani. Mama yake alibaki kwenye benchi la nje, mkoba juu ya magoti, akitazama mlango.

"Dokta, sikuya na ugomvi," alisema Lévi. "Mama yangu anasema Wivine alichagua soko kuliko mutoto. Wivine anaapa alikuya hapa mardi, Jumanne ile, alipokelewa na dokta mwanamuke. Hii karatasi inasema alichelewa. Mi nataka tu kujua nani anasema kweli nyumbani kwangu."

Joviale aliyafahamu yote yaliyokuwa mbele yake. Akisema ndiyo, kesi ingefunguliwa kabla ya jioni na jina lake lingetolewa katika orodha ya watahiniwa. Akisema hapana, angekuwa amemsingizia mwanamke aliyezika. Hakusema ndiyo wala hapana. Alikivuta kitabu cha wagonjwa, akafungua ukurasa wa Jumanne ile, akakigeuza ili Lévi asome mwenyewe.

Lévi aliyafuata majina kwa kidole, kutoka juu hadi chini, kisha akaanza tena.

"Haiko," alisema.

"Haiko ndani," Joviale alisema.

Kila neno katika hayo lilikuwa la kweli. Lévi aliikunja karatasi yake mara nne kama ilivyokuwa, akashukuru, akatoka. Kupitia dirisha Joviale alimwona mama mkwe wa Wivine akisimama kabla hata mwanawe hajafungua kinywa.

Jopo lilikuwa na walimu watatu. Walifika Goma kwa boti siku moja kabla. Mtihani wa mdomo ulifanyika katika ukumbi mdogo wenye meza ya kijani, na kila mtahiniwa alichota karatasi ndani ya bahasha. Ya Joviale ilisema: mama wa wiki thelathini na nane anahisi mtoto wake amepunguza kucheza; eleza utakavyomshughulikia. Aliisoma mara mbili. Mwalimu mmoja alidhani amekwama, akamsukumia glasi ya maji.

Alijibu kwa dakika sita bila kusita: kusikiliza moyo, kumbakiza mama wodini, kupima tena, kuamua juu ya uzazi kabla ya kuchelewa.

"Na kitu cha kwanza kabisa, kabla ya kipembe?" aliuliza mwalimu mzee kuliko wote.

"Kumuuliza mama tangu lini."

"Vizuri sana," alisema mwalimu, akaandika kitu. Alama zilikuwa kumi na saba juu ya ishirini, za juu kuliko zote mwaka huo. Bukavu baba yake alinunua kreti mbili za bia na kuwaita majirani.

Jumamosi iliyofuata Joviale alipeleka barua kwa mkuu wa wodi nyumbani kwake, kisha akaenda Majengo. Aliulizia nyumba ya muuza maharagwe aliyepoteza mtoto, na wanawake watatu walimwelekeza. Mmoja aliongeza, bila kuulizwa, "Yule wa kuchelewa?"

Lévi alikuwa uani akiosha cheni za pikipiki kwa mafuta ya taa. Hakuinuka. Joviale alizungumza akiwa amesimama, akasema yote: Jumanne, neno lile, kitabu ambacho hakikuandikwa, mtihani.

"Wivine alirudia kwa wazazi yake Butembo," Lévi alisema alipomaliza. "Leo inafika siku kumi. Mama alisema hawezi kukaa nyumba moja na mwanamuke wa kuua na wa kudanganya. Ile ya kuua, mi nilikataa. Ile ya kudanganya..." Alitazama cheni. "Ulinigeuzia kitabu nisome mwenyewe, dokta. Nilisoma."

"Nitamwambia mama yako. Yuko ndani?"

"Ataitika, kisha atasema nimekulipa uje useme hivyo. Alishamaliza kueneza habari avenue yote, kila nyumba. Ungesema siku ile." Alipangusa vidole kwa kitambaa na kumpa namba ya simu. "Ambia yeye. Mi nilimuita mara nne, hanijibu."

Joviale alipiga simu akiwa barabarani, mgongo kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkano. Ilijibiwa upesi. Nyuma ya sauti kulikuwa na kelele za soko.

"Ni mi dokta Joviale. Wa Goma."

"Dokta wa karatasi?"

"Ndiyo, mama. Nakuitia juu ya kukuambia ulikuya mardi. Ulikuya, na ulisema, na mi sikusikia. Nimeandika. Nimemwambia na bwana yako."

Mtu karibu na Wivine aliuliza bei ya kikombe cha maharagwe.

"Mi nilijua nilikuya," alisema. "Sikukuwa na shaka. Ni wao."

"Unisamehe."

"Mutihani ulipita?"

"Ulipita."

"Pongezi, dokta," alisema Wivine. Kisha akasema ana mteja, na simu ikakatika.

Leo Joviale ni bingwa, ingawa diploma yenyewe bado haijafika. Mkuu wa wodi alimwandikia onyo, likawekwa katika faili lake, na mambo yakaishia hapo. Kopo la maziwa lilienda kwa asistanti anayefuata, bila fishi ya mia mbili na kumi na nne. Wajawazito sasa anawauliza maneno yaleyale kila mara: mutoto alicheza mwisho lini? Wengine huona ni swali la ajabu na hucheka.

Jumatatu baada ya safari ya Majengo alikuwa amefungua kitabu cha wagonjwa katika ukurasa ule. Chini ya jina la mwisho palikuwa na mstari mmoja mtupu. Aliandika jina la Wivine, umri, mtaa na saa ya kufika. Kitabu hicho huandikwa kwa Kifaransa, lakini katika safu ya malalamiko ya mgonjwa aliandika *mutoto analala*, kama alivyoambiwa. Safu inayofuata ni ya uamuzi wa daktari. Hapo aliandika *alale tu*, akatia saini.