Misonobari ya Julai

Udongo wa chini ya msonobari mzee, ule mweusi uliojaa majani yaliyooza, una harufu yake. Nikiisikia tu, narudi kwenye kitalu cha Shosho, kando ya barabara ya Kitisuru. Nilikuwa na miaka saba. Shosho, mamake mama, aliuza miche ya miti, nami niliachwa kwake mama alipopata kazi ya nyumbani Karen, ya kulala huko huko. Karen ni Nairobi hii hii, lakini kwangu ilikuwa ng'ambo.

Siku ya kuondoka, mama alinionyesha miche ya msonobari ya Shosho, Shosho mwenyewe akisikia.

"Panda zako. Zikifika kwa goti yako, nitakuja nikuchukue."

Basi nikataka kupanda siku hiyo hiyo. Ilikuwa Julai, baridi imekaa kwenye mifupa. Mteja yeyote aliyeulizia mbegu za msonobari wakati huo alifokewa na Shosho: angoje Septemba jua lirudi, maana ikipandwa kwa baridi mbegu italala tu, na ikiota itadumaa. Lakini mimi, Shosho aliniangalia kitambo, akanimiminia mbegu kiganjani.

"Panda tu, Wanja."

Nilizipanda kwenye pakiti za maziwa, pamoja na udongo ule mweusi. Zilichelewa hadi nikadhani ndege wamezila. Shosho alipanda zake Septemba, na mvua ya masika ilipofika, miche yake ilikuwa imeipita yangu, wateja wakaichukua yote. Yangu ilibaki vijiti vya manjano. Kila jioni nilisimama kando yake nikipima, huku magari ya watu yakirudi nyumbani. Nilikuwa mpweke, jamani, na sikujua kwamba hata goti lenyewe lilikuwa likipanda.

Mwishowe mama alikuja bila kungoja miche, baada ya kupata chumba Kangemi. Shosho alinifungia nguo, akasema pakiti zangu niziache, atazimwagilia yeye. Nilitoka mbio.

Leo nina kitalu changu, na nikiulizwa mbegu za msonobari mwezi wa Julai, nafoka kama yeye. Hapo ndipo humkumbuka akinimiminia mbegu kiganjani. Kumbe tulikuwa wapweke wawili. Mimi nilipanda ili mama aje upesi, na Shosho aliniacha nipande ili nikawie kuondoka.